Anueni Ulezi

Kabla hujamhukumu Redempta, na waliokwisha kumhukumu ni wengi, ujue kwanza kwamba alimchora bibi yake kwa mapenzi. Hilo lisemwe mapema, maana huko mbele mambo yanaharibika na hakuna atakayepata nafasi ya kulisema.

Bibi Tereza, mama mzaa baba, ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki. Waliishi watatu pale Mazwi, mjini Sumbawanga: yeye, Bibi, na baba yake Baltazari, fundi baiskeli. Bibi alikuwa mwembamba, mguu wa kushoto anauburuta kidogo, kitenge chake cha bluu chenye picha za kandili hakibanduki mwilini, na fimbo yake ilikuwa mpini wa jembe. Alikuwa na kipaji kimoja ambacho mtaa mzima ulikitegemea, nacho ni kujua mvua. Mvua za Ufipa mnazijua. Jua linawaka vizuri, mara wingu jeusi linachomoza upande wa milima ya Lyambalyamfipa, na ukisema ngoja nimalize kusuka nywele, umeshalowa. Sasa kina mama wa mtaani wakishaosha ulezi wanauanika kwenye maturubai mbele ya nyumba, ukauke kabla ya kupelekwa mashineni. Bibi Tereza anatoka, anasimama katikati ya njia, anainua mkono wa kulia juu kabisa, kiganja wazi, kimya, anausikiliza upepo. Halafu anapaza sauti: "Anueni ulezi!" Aliyesikia alianua. Aliyebisha alikula ugali wenye harufu ya uvundo wiki nzima, na alistahili.

Redempta mwenyewe alimaliza kidato cha sita, akakaa nyumbani, kisha akapata kazi kwenye steshenari ya Mama Bertha kule Majengo. Kutoa kopi, kuchapa barua za maombi ya kazi, kuchapa ratiba za mazishi. Wateja wakipungua anavaa hedifoni na kutazama video za watu wanaofundisha kutengeneza gemu. Akajifunza kuchora. Akajifunza kumfanya mtu aliyechorwa atembee. Siku mtu wake wa kwanza alipopiga hatua tatu kwenye kompyuta ya Mama Bertha, Redempta alipiga ukelele mpaka mteja mmoja akaangusha cheti chake cha ubatizo.

"Gemu," baba yake alisema alipoambiwa. Alikuwa anaziba pancha, hakuinua hata kichwa. "Mtoto akicheza namwelewa. Mtu mzima kuwatengenezea wenzake mchezo, hiyo nayo ni kazi?"

"Ni kazi, baba. Watu wanaajiriwa."

"Wapi?"

Sumbawanga nzima Redempta hakumjua hata mmoja aliyeajiriwa kwa hilo. Nesi unamwona, mwalimu unamwona, hata mkaguzi wa mizani ya mahindi unamwona na tumbo lake. Mtengeneza gemu hujui hata anavaaje. Lakini Redempta alilitaka jambo hilo kuliko kitu kingine chochote, na mtu wa pekee ambaye hakumcheka alikuwa Bibi.

"Nichore mimi," Bibi alisema. "Lakini na hereni."

Basi wakaanza. Bibi alivaa hereni zake za harusi, akafunga kilemba kipya, akatembea kutoka mlangoni hadi kwenye karo la kuoshea vyombo mara kumi na nane huku mjukuu anampiga picha hatua kwa hatua. "Nimeburuta mguu vizuri?" anauliza. "Nirudie?" Akainua mkono juu, kiganja wazi, akasimama hivyo mpaka bega likamuuma. Redempta aliyachora yote, kandili za kitenge moja moja, hereni, mpini wa jembe. Gemu akaiita Anueni Ulezi. Mchezaji anaona wingu, Bibi anainua mkono, na wewe unakimbia kuokota ulezi wa majirani kabla tone la kwanza halijaanguka. Ilikuwa gemu nzuri. Hilo nalo lisemwe.

Kisha likaja shindano. Vijana kumi kutoka nchi nzima wangechaguliwa waende Dar es Salaam miezi sita, wafundishwe, na baadaye waajiriwe kwenye kampuni za gemu. Redempta akajaza fomu, akatia alama ya kukubali masharti bila kuyasoma, kama unavyofanya wewe, kama tunavyofanya wote. Akapewa mshauri wa kumsaidia kwa simu, kijana mmoja anaitwa Evans. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

"Dada Redempta, umechora vizuri mno," Evans alimwambia. "Lakini hatari iko wapi? Adui ni nani?"

"Adui ni mvua, kaka."

"Mvua haina sura. Majaji watalala." Mara akapandisha sauti. "Hebu ngoja. Wewe si unatoka Sumbawanga? Dada, Sumbawanga! Watu wakisikia hilo jina wanawaza nini?"

Redempta alijua wanawaza nini. Nani asiyejua? Ukijitambulisha mbali kwamba kwenu ni Sumbawanga, mtu anavuta kiti chake nyuma, anacheka, halafu anakuomba kwa sauti ya chini umroge bosi wake. Ukoo mzima wa watu wanaolima mahindi na kusali jumuiya, lakini wao wanataka ungo na radi. Inaudhi hiyo, inaudhi kweli.

Alikataa siku mbili kumgeuza Bibi mchawi. Alimwandikia Evans ujumbe mrefu wa hasira, akaufuta. Alifikiria ratiba za mazishi atakazochapa mpaka azeeke pale kwa Mama Bertha. Siku ya tatu akakaa akabadilisha, na kilichomuumiza baadaye ni jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Saa tatu tu. Mkono ulikuwa tayari umeinuliwa, yeye aliongeza radi itoke kiganjani. Pale palipokuwa na ulezi akaweka nyumba, raundi ya pili mbuzi, raundi ya tatu ng'ombe wawili. Mchezaji akapewa mawe. Unagusa kioo, jiwe linaruka. Mawe matano yakimpata, Bibi anaanguka na maandishi yanatokea: Umeshinda! Jina jipya likawa Bibi wa Radi. Hereni hakuzitoa. Alijiambia kwamba ni ya majaji tu, nani ataiona huku.

Lakini masharti yalitaka watu kumi waicheze na kutoa maoni. Redempta akampa Christopha, fundi simu wa kibanda cha jirani na steshenari, aliyesoma naye.

"Cheza wewe na washikaji wako kumi tu," alimwambia. "Usiirushe kwa watu."

"Mimi tena? Poa, usihofu."

Ndani ya siku nne ilikuwa Mazwi yote. Ilirushwa simu kwa simu, kwenye makundi ya wasap, kijiweni kwa bodaboda, darasani. Na hapa tusimfiche: Redempta alifurahi. Alifurahi vibaya sana. Alipita Majengo akasikia muziki wake, ule aliouhangaikia wiki mbili, unatoka kwenye simu ya muuza viazi. Mtoto wa darasa la tano alimsimamisha njiani akamwambia raundi ya nne ni ngumu. Alilala anatabasamu. Kwa mara ya kwanza aliona sura ya ile kazi aliyoulizwa iko wapi.

Watoto wa mtaa, waliozoea kumwamkia Bibi Tereza kwa kupiga goti, sasa wakawa wanamwamkia kutoka mbali. "Shikamoo, Bibi!" halafu wanainua mkono juu, kiganja wazi, na kukimbia wakicheka. Bibi naye anainua wake. "Marahaba, wajukuu!" Jioni moja alikaa jikoni anapukuchua maharage, akasema, "Siku hizi watoto wananipenda sana, sijui nimewafanyia nini." Redempta aliinamia sufuria. Moshi ukamsaidia, maana macho yake yalishaanza kuwa mekundu.

Ikaja Jumatano ile ya mwezi wa pili, saa tisa alasiri. Jirani yao Kabula alikuwa ameanika ulezi wake turubai mbili. Yeye na mume wake, mzee Shija, walikuja huku miaka mingi iliyopita na maksai wao kutoka upande wa Shinyanga, wakajenga, wakawa watu wa hapa; siku hiyo Shija alikuwa amewafunga maksai wake wawili kwenye nguzo, nyuma ya nyumba, apumzike kabla ya kurudi kulima. Redempta alikuwa amerudi mapema kutoka kazini. Alimwona Bibi akitoka, mguu unaburuta, akasimama katikati ya njia. Mkono ukapanda.

"Anueni ulezi!" Bibi alipaza sauti. "Kabula, mwanangu, anua! Anua haraka!"

Kabula akakimbia, akakunja turubai moja, akaburuta ya pili. Bibi bado ameshika mkono juu, anahesabu upepo. Ndipo mwanga ukapiga na mlio ukaja pamoja nao, na kila mtu akalala chini. Walipoinuka, nyuma ya nyumba ya Shija palikuwa na harufu ya nywele zilizoungua. Maksai wote wawili walikuwa wamelala ubavu, miguu imenyooka. Mzee Shija alisimama karibu yao ameshika nira, anaigeuza geuza mikononi, haitui.

Mtoto mmoja alikuwa amejibanza barazani. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, wala hakuwa na ubaya, "Raundi ya tatu."

Watu wazima watano waligeuka wakamtazama Bibi Tereza, na mkono wake ulikuwa bado juu.

Wale watu walikuwa wameuona mkono ule mara mia. Miaka thelathini wameuona! Ulezi wao wenyewe uliokolewa na mkono ule, watoto wao walikunywa uji kwa ajili yake. Siku hiyo waliutazama kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na walichokiona hakikuwa kile cha miaka thelathini. Walikiona kile cha saa tatu za kazi za Redempta.

Kesho yake Kabula hakuja kuomba chumvi. Keshokutwa mama mmoja alimwita mwanawe arudi ndani Bibi alipokuwa anapita. Jumamosi, jua likielekea kuzama, jiwe liligonga bati. Likaja la pili. Baltazari akatoka nje mbio ameshika spana, hakuona mtu. La tatu, la nne, la tano. Kisha kimya, na miguu midogo inakimbia uchochoroni.

"Watoto hawa, wanatafuta ndege," Bibi alisema.

Redempta alikuwa amehesabu. Alikaa kwenye kigoda, anajua hakutakuwa na la sita.

Asubuhi alikwenda kwa Christopha. "Ifute," alimwambia. "Waambie wote waifute."

Christopha alimtazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomkata maini. "Rede, kwenye simu yangu nimeshafuta toka juzi. Lakini mimi nilimrushia nani? Washikaji kumi. Wao nao je? Jana kuna dereva wa basi la Mpanda kaja kuweka kioo, anayo. Nitamfuata Mpanda?"

Basi alifanya alichojua kufanya. Usiku na mchana alitengeneza nyingine, akairudisha ile ya kwanza, Bibi mwenye ulezi, akaongeza watoto wanaomsaidia, akaongeza mbuzi mcheshi. Akairusha yeye mwenyewe kwa kila aliyekuwa na namba yake. Waliifungua. Wakaicheza dakika mbili. Yule mtoto wa darasa la tano alimrudia akamwambia kwa heshima zote, "Dada, hii haina mzuka. Huyu Bibi hapigwi?"

Mwenyekiti wa mtaa, Wilibrodi, akaita mkutano kwenye uwanja wa ofisi yake. Walikuja watu wengi kuliko waliokuja kwenye mkutano wa maji.

"Serikali haiamini uchawi," Wilibrodi alifungua. "Na mimi hapa ndiye serikali, kwa hiyo siamini. Lakini watu wangu hawalali, na mimi silali. Binti, simama uwaeleze hicho kitu chako."

Redempta akasimama. Alikuwa ameandaa maneno, yote yakamtoka. Akaeleza kwamba gemu ni michoro na hesabu, kwamba radi ni rangi nyeupe inayowaka na kuzimika, kwamba yeye ndiye aliyeiweka pale kwa vidole vyake, Bibi hana habari.

"Uliimaliza lini?" mwanaume mmoja mwenye kofia ya sufi aliuliza.

"Wiki tatu kabla ya radi," alijibu upesi. Alidhani inasaidia! Alidhani wataona kwamba haikuhusiana kabisa. Mnong'ono ukapita uwanjani kutoka mbele mpaka nyuma.

"Kwa hiyo ulijua kabla."

"Sikujua! Nilibuni tu."

"Bibi wapo wengi Mazwi. Mbona ulimchora huyu?"

"Kwa sababu ndiye ninayeishi naye. Ndiye ninayemjua."

"Haya," yule mtu akasema, akakaa. "Tumesikia. Anayeishi naye ndiye anayemjua."

Baltazari akainuka kwa hasira, Wilibrodi akamwomba akae. Ndipo mzee Shija aliposimama, taratibu, kofia mkononi. Alikuwa amekonda kwa wiki ile moja.

"Mimi sijamtuhumu mtu," alisema. "Mama Tereza alimwokolea mke wangu ulezi siku ileile. Nataka kuelewa tu, nipate kulala. Binti yangu, kwenye simu ng'ombe ni wawili. Kwa nini wawili?"

Jibu lilikuwapo na lilikuwa la kweli. "Watatu hawakuenea kwenye kioo," Redempta alisema.

Mzee Shija alimtazama muda mrefu, akatikisa kichwa, akakaa. Hakuwa na hasira. Hakumwamini tu. Na Redempta, akisimama pale mbele ya watu waliomjua tangu yuko mgongoni, aliona kwamba hata yeye angekuwa mmoja wao asingejiamini.

Jioni hiyohiyo simu ikaita. Evans.

"Dada, umo! Umo kwenye kumi! Majaji wamempenda yule Bibi kufa. Ule mguu unavyoburuta, zile hereni, wanasema anaonekana mtu wa kweli kabisa."

"Ni mtu wa kweli, kaka Evans." Akamweleza yote, kuanzia maksai mpaka mawe.

"Pole sana," Evans alisema, na alimaanisha. "Pole, dada. Sikujua. Mimi sijawahi kufika huko."

"Mtoeni. Nawaomba. Nitajitoa mimi pia, mpeni mwingine nafasi, lakini mtoeni Bibi yangu."

"Nafasi yako naweza kumwachia mwingine. Lakini gemu ukishaiwasilisha inakuwa ya shindano, ipo kwenye masharti. Na yule Bibi..." Akasita. "Ndiye tuliyemweka kwenye tangazo. Limeshatoka. Nitaongea na wakubwa, nakuahidi nitaongea nao."

Aliongea nao kweli. Walimjibu kwamba ombi lake wamelipokea.

Wiki hiyo Redempta aliona jambo lililomvunja moyo kuliko mkutano. Ilikuwa mchana, jua kali, Kabula ameanika ulezi. Bibi alikuwa ameketi barazani. Redempta alimwona akiinua pua, akiangalia upande wa milima, na mkono wa kulia ukaanza kupanda wenyewe kutoka pajani. Ulipofika usawa wa kifua, Bibi akaushika kwa mkono wa kushoto, akauingiza chini ya kitenge. Akakaa hivyo, ameushikilia humo ndani. Mvua ikaja. Kabula akatoka mbio, amechelewa, ulezi unaelea kwenye turubai. Alitazama baraza la Bibi Tereza, Bibi akatazama chini. Mtaa mzima ulikula uvundo wiki ile, na hakuna aliyethubutu kusema kwa nini.

"Nimechoka kukaa kwenye mawe," Baltazari alimwambia mama yake baada ya bati kupigwa mawe mara ya nne. "Nenda kwa dada Valeria, mama. Kirando. Ziwani huko hakuna anayekujua. Utakula samaki, migebuka ya ziwani, utapumzika."

Bibi hakubisha, na yeye alikuwa mtu wa kubisha. Alianza kukunja nguo zake siku hiyohiyo. Redempta aliamua kwenda naye. Kazi kwa Mama Bertha alishaaga, na Dar alishakwenda mwingine.

Asubuhi ya safari bajaji ya kuwapeleka stendi ilikuwa mlangoni, Baltazari anafunga godoro kwa mpira wa tairi, simu ya Redempta ikaita. Shangazi Valeria.

"Mmeshaondoka?" shangazi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa amejificha. "Rede, mwanangu, nisikilize, usimwambie mama. Jana nilisema mwaloni, kwa wauza samaki, kwamba mama yangu anakuja kutoka Sumbawanga. Sasa leo watoto wa hapa wananiuliza, eti ni yule wa kwenye simu? Wananionyesha. Ni mama, Rede. Ni mama mwenyewe, na hereni zake. Watu wa mitumbwi nao wameiona. Wanasema asije msimu huu wa radi." Akaanza kulia. "Nifanyeje mimi? Nina watoto."

Redempta alisimama na simu sikioni hata baada ya kukatika. Nje baba yake alikuwa anapiga mluzi, anakaza mpira. Alijaribu kufikiria mahali. Namanyere. Mpanda, ambako dereva wa basi alishafika. Mbeya. Kila mahali alipopafikiria palikuwa na mtoto mwenye simu.

"Nani huyo?" Bibi aliuliza. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, amevaa tayari, kitenge cha kandili, kilemba, na leo hereni pia, maana anasafiri.

"Ni shangazi. Anakusalimia."

"Mm." Bibi alimtazama. Hakuwa mjinga mwanamke yule, hata siku moja. "Nionyeshe hicho kitu."

"Kitu gani, Bibi?"

"Mimi nilitembea mara kumi na nane. Bega liliniuma siku tatu. Mtaa mzima umeniona, mpaka mbuzi wa Wilibrodi wameniona. Mimi tu ndiye sijajiona."

Angeweza kumwonyesha ile ya ulezi. Alitaka. Kidole kilikwenda pale kabisa. Lakini Bibi alikuwa anamtazama usoni, na kumdanganya kulimshinda. Akaifungua ile nyingine, ikaanzia raundi ya tatu alipokuwa ameiachia, akaketi chini miguuni pake, akamwekea simu mapajani.

Muziki ukaanza. Bibi Tereza mdogo akatoka upande wa kushoto, mguu unaburuta, kandili zinacheza kwenye kitenge.

"Ee!" Bibi alicheka, kicheko chake cha zamani. "Ni mimi huyo! Tazama, na hereni umeniwekea." Akaisogeza karibu na macho. "Umenichora vizuri, mama. Vizuri sana. Kumbe ni kazi kweli hii."

Mkono wa kwenye kioo ukapanda, kiganja wazi. Mwanga ukatoka. Ng'ombe wa kwanza akaanguka. Bibi aliacha kucheka. Ng'ombe wa pili akaanguka. Alitazama kwa muda, midomo inasogea kidogo, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Nikitaka ashushe mkono, nibonyeze wapi?"

Redempta alijua kila kitufe cha gemu ile. Cha kwenda kushoto, cha kwenda kulia, cha kuanza upya. Kazi ya dakika tano ingekuwa, laiti angelifikiria siku ile.

"Hakuna, Bibi," alisema. "Sikuweka."

"Lazima pawepo mahali." Bibi akanyoosha kidole chake, chenye ukucha uliopasuka, akakigusisha polepole juu ya ule mkono mdogo, anausukuma chini kama anayemtuliza mtoto. Jiwe likaruka. Akagusa tena. La pili.

"Bibi, acha. Bibi, lete simu."

"Ngoja, anashusha, ngoja." La tatu. La nne. Akabonyeza kwa nguvu zaidi, ulimi umemtoka pembeni kwa bidii, na Bibi mdogo akayumba, akaangusha mpini wa jembe, akalala chini. Mkono ukashuka. Maandishi ya dhahabu yakajaa kioo, na ule muziki wa furaha, uliohangaikiwa wiki mbili, ukapigwa wote mpaka mwisho.

Bibi Tereza hakujua kusoma.

"Pameandikwaje hapo?" aliuliza.

Nje Baltazari alipiga honi ya bajaji, akawaita watoke, wingu linakuja.